Tai Shingoni, Kikwembe Kiunoni

Mwaka 1990, Rais Mobutu aliporuhusu tena tai, ambayo alikuwa ameipiga marufuku tangu miaka ya 1970, wanaume wa Kongo tuliona mambo ya mavazi yamekwisha. Abakosti, lile koti la kuvaliwa bila tai, ikarudi sandukuni, kila mtu akajifunga shingo apendavyo. Kumbe hatari haikuwa shingoni.

Hatari iko kwenye barabara ya Uvira kwenda Baraka. Ukiwa juu ya pikipiki, kuanzia Makobola hadi Mboko kila shimo linadai chake: kwa huyu mgongo, kwa yule simu. Kwangu lilidai suruali ya mitumba, iliyonibana vizuri, niliyoivaa kwa heshima ya kupeleka mahari ya mdogo wangu. Nilifika salama hadi sokoni Baraka. Nikarusha mguu juu ya mzigo wa sabuni ili nishuke, nikasikia "praaa!" Motari akainama kukagua tairi.

Mshono ulikuwa umeachia kutoka chini ya zipu hadi kwenye mkanda, nyuma. Upepo wa Ziwa Tanganyika ukaingia bila hodi. Watu wa huku Fizi, ilipo Baraka, wameona mengi. Hata Che Guevara alivuka ziwa hili mwaka 1965 kuja kupigana huku. Lakini siku hiyo soko zima lilikodoa macho.

Aliyenistiri ni mama mmoja muuza ndakala, yaani dagaa. "Papa, kaa chini mbio, kabla hatujaanza kutoza kiingilio!" Nikakalia ndoo yake. Akafungua kikwembe cha juu, akabaki na cha chini, akanirushia. Mama wa huku hatoki na kimoja: cha pili ni cha kubebea mtoto, cha kujikinga mvua, na ikibidi, cha kuwafichia wanaume aibu zao.

Nikajifunga, nikakung'uta magamba, nikaenda ukweni na koti, tai na harufu ya samaki. Nilipopita, mashangazi wa binti wakapiga vigelegele. Nikadhani ni heshima ya mgeni. Kumbe kikwembe kilikuwa cha tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, na makalioni nilikuwa nimebeba maandishi makubwa ya kudai haki zao.

Msemaji wa upande wetu nilikuwa mimi. Hesabu ilipopanda, nikasimama kuomba tupunguziwe mbuzi wawili. Mjomba wa binti akanitazama toka juu hadi chini, akasema taratibu: "Mkwe, hebu geuka kidogo tusome."

Nikageuka. Wakasoma, tena kwa sauti.

"Basi," akasema mzee, "thamani ya mwanamke mmekuja nayo wenyewe, imeandikwa. Mbuzi hawapungui."

Na kweli hawakupungua.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukija Baraka kwa pikipiki, tia kikwembe ndani ya begi, hata kama suruali ni mpya. Ila chukua cha maua. Chenye maandishi, kisome kwanza ndipo ujifunge.