Wasajilini Watoto Wetu Kuwa Watalii

Kendwa,
Mkoa wa Kaskazini Unguja.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Majengo Mapya ya Chuo (jina la chuo nimelihifadhi, mwenyewe unalijua).



YAH: OMBI LA KUWASAJILI WATOTO WETU KUWA WATALII

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nakupongezeni kwa ramani mpya. Nimeiona kwenye lile bango la getini, nikasimama mbele yake mpaka mlinzi akaja kuniuliza nina shida gani. Mashaallah. Ghorofa nne za kioo kitupu, kioo kutoka chini hadi juu. Mbele pana nyasi za kijani zisizo mbuzi. Watu wanapita na mikoba, bwana mmoja anatembeza mbwa wake baina ya maktaba na Kitivo cha Elimu, na hakuna hata mmoja anayetoka jasho. Buibui sikuliona. Kofia sikuiona. Miti iliyochorwa pale, mimi niliyeanza kwenda msituni kutafuta boriti na fito tangu sijabaleghe, siijui. Nikajiambia mchoraji hakukosea: pale kweli si Unguja, na watakaosoma pale si watoto wetu.

Mimi ni fundi wa kuezeka makuti. Binti yangu yuko mwaka wa pili chuoni kwenu, na ndiyo maana nakuandikieni.

Jengo mlilotupa mara iliyopita nalo lilikuwa zuri kwenye bango lake. Madirisha yake hayafunguki. Hayakuharibika, la; yamejengwa yasifunguke. Nilipomuuliza kijana mmoja wa ofisi yenu, akanijibu kwa upole kwamba dirisha likifunguliwa baridi ya AC itatoka. Baridi gani, Mheshimiwa? Februari, saa saba mchana, umeme unakatika, AC zinazima, watu wamejaa ukumbi mzima, na vioo vinaendelea na kazi yake ya kuliingiza jua na kulizuia lisitoke. Kisha, kutoka nyuma ya jengo la utawala, jenereta linaanza kunguruma. Hapo ndipo penyewe. Jenereta lipo. Mafuta yapo. Waya wake ndio umeishia ofisini. Watoto wanafanya mtihani, jasho linadondokea karatasi ya majibu na kuuchafua wino, huku wanaisikia kwa masikio yao baridi ya wakubwa ikitengenezwa.

Wakitoka wakakaa ngazini wapate hewa, mlinzi anawaondoa: hapa si pahala pa kukaa. Pahala pa kukaa ni wapi? Mji Mkongwe mzima una baraza, hata nyumba ya mtu bahili ina baraza, lakini wasomi wenu wamechora chuo kizima wakasahau kwamba binadamu ana makalio. Mtoto wa mvuvi anasoma kwa mkopo atakaoulipa mpaka aote mvi, nanyi mnamtia ndani ya chupa, mnaikaza na kizibo, halafu matokeo yakitoka mnashangaa kwa nini amefeli!

Nisameheni. Kalamu imeteleza. Narudi kwenye adabu.

Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na wanaofika huku kwetu nawaona kila siku. Wengi ni Wataliana. Wametoka Milan, wanakofanya kazi ndani ya hayo hayo majengo ya vioo mnayoyapenda, na wanalipa dola kwa mamia ili wakae wiki moja chini ya paa langu. Paa lenyewe ni boriti, fito, kamba na makuti. Ukuta hakuna. Upepo unaingia upande huu, unatokea ule. Wanajilaza, wanatazama juu, wanapiga picha mafundo ya kamba niliyoyafunga kwa mikono yangu. Kwa hiyo anayekimbia kioo anapewa makuti, na aliyezaliwa chini ya makuti anapewa kioo, na wote wawili tunawaambia karibuni Zanzibar.

Ndipo nikapata wazo. Naomba kuanzia muhula ujao wanafunzi wote wa chuo wasajiliwe kuwa watalii. Sheria haitavunjwa. Ile bima ya lazima ya wageni, dola 44, iliyoanza Oktoba 2024, wazee tutachangishana. Mbuzi wapo wa kuuza. Kitambulisho cha chuo kifutwe, na kila mwanafunzi avishwe mkononi ile bangili ya plastiki ya hotelini. Nimeona inavyofanya kazi. Mlinzi akiiona tu, neno "toka" linamsahau na neno "karibu" linamjia lenyewe.

Mapokezi nayo nimeyapanga. Mwanafunzi akishuka garini apewe kitaulo baridi chenye harufu ya mchaichai, na dafu lililokatwa kichwa na kuchomekwa ua la mlangilangi. Aulizwe kama safari ilikuwa njema. (Ametoka Mkokotoni amesimama njia nzima, ataeleza mwenyewe.) Abebewe begi lake la vitabu. Kisha aongozwe bandani, pale kwenye kivuli, na mhadhiri asimame mchangani, peku, ubao umeegemezwa mnazini. Umeme ukikatika hakuna atakayejua. Mhadhara wa takwimu uendelee huku ngalawa zinapita, na maji ya Kendwa, mnajua, hayakimbii mbali yakitoka, kwa hiyo hata anayesinzia ataamshwa na wimbi. Saa kumi na mbili jioni mitihani yote isimame dakika chache watu watazame jua linazama, kwa sababu mtalii hanyimwi machweo. Mwisho wa siku agaiwe karatasi ya maoni: Je, umeridhika na huduma zetu? Ni lipi tungeliboresha? Tangu binti yangu aanze skuli, hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Msihofu kwamba kumbi zenu zitakaa bure. Zikodisheni kwa watalii wenyewe. Wafini wana chumba kama hicho karibu kila nyumba, wanakiita sauna, na wanakipenda. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao wanatoka wakitaka. Tangazo nimeshaliandika: "Maisha Halisi ya Mwanafunzi wa Kizanzibari. Saa tatu ndani ya kioo. Bila AC. Vyoo bila maji. Sauti ya jenereta imo ndani ya bei." Papasi wanaowafuata wageni watapata ajira ya maana. Nawasikia tangu sasa huko ufukweni: "Ciao, rafiki! Ukumbi wa mihadhara, bei nzuri, twende haraka, umeme umekatika sasa hivi!" Anayevumilia mpaka mwisho apewe cheti. Atakuwa amekifanyia kazi kuliko wengi waliokipata.

Sasa niseme la kweli. Binti yangu hajapata kukaa chini ya paa hata moja nililoezeka hotelini. Akipita ufukwe aliozaliwa, mlinzi anamuuliza anakwenda wapi. Huku anaondolewa kwa kuwa si mgeni, kule ngazini anaondolewa kwa kuwa ni mwanafunzi. Basi nionyesheni kwenye ramani yenu, kwa kalamu nyekundu, pahala ambapo mtoto wa Kendwa anaruhusiwa kukaa. Nitakuja kupaezeka bure.

Nimepandisha sauti tena. Naendelea.

Mtaniambia makuti yanaungua. Yanaungua, tena hakuna anayelijua hilo kunishinda mimi, na baada ya miaka michache yanavuja. Sikwambieni muezeke maktaba kwa makuti vitabu vioze wakati wa masika. Naomba dirisha. Dirisha lenye bawaba, linalosukumwa kwa mkono. Hata moja kila darasa, hata la kuchungulia.

Kisiwa hiki kiko kama nyuzi 6 kusini ya Ikweta. Jua hutupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, lakini kila siku ya Mungu asubuhi na alasiri huja ubavuni, kutoka mashariki na magharibi. Kwa hiyo fundi yeyote, hata asiyejua kusoma, hautazamishi ubavu mrefu wa nyumba magharibi. Ramani yenu imeutazamisha huko huko, ghorofa zote nne, kioo kitupu. Nimeuliza sababu. Huko ndiko iliko barabara kuu, ndiko utakakopita msafara wa mgeni rasmi. Yaani jengo zima limegeuzwa ili litazamwe kwa nusu dakika na mtu aliyemo ndani ya gari yenye AC.

Waliojenga Mji Mkongwe hawakuwa na AC. Walijenga kuta nene za mawe na chokaa, wakapandisha dari, wakabana njia ili nyumba hii iitilie kivuli ile. Seyyid Barghash alipojenga Beit el Ajaib mwaka 1883 aliizungushia veranda pana, na huyo alikuwa mfalme, hakushindwa kununua kioo. Umeme ulipokatika kisiwa kizima, kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, nyumba zile za mawe zilikalika miezi yote mitatu. Lenu halikaliki robo saa. Najua mtanikumbusha kwamba sehemu ya Beit el Ajaib yenyewe iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 ikaua watu wawili. Kweli. Lakini haikuangushwa na veranda. Jengo likikosa matengenezo huanguka, na katika fani hiyo ya kutotengeneza nyinyi hamhitaji mafunzo.

Tena msidhani nakurudisheni nyuma. Huko Kenya, ukingoni mwa Ziwa Turkana, penye joto ambalo Unguja haijapata kuliota, ipo kampasi ya vijana wa kompyuta iliyokamilika mwaka 2021. Minara yake mirefu inaivuta hewa ya moto juu na kuitoa nje, wazo lililotokana na vichuguu vya mchwa vya huko huko. Aliyeichora ni Francis Kéré, mtoto wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, aliyesoma utotoni ndani ya darasa lenye joto na giza, na inaonekana hakusahau. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Mchwa wamesikilizwa Turkana. Mimi fundi nimeandika barua mbili kwenye kisanduku chenu cha maoni, na kisanduku kimefungwa kufuli lenye kutu.

Na ninaandika waziwazi kwa sababu kisiwa kinajaa vyuo. Tunguu pekee pana viwili, Wahindi wa IIT Madras wamefungua Bweleo mwaka 2023 na wao pia watajenga pao pa kudumu. Naogopa mtu asije akaiga ramani yenu.

Nikuulizeni jambo jengine. Ile noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, mbele ilikuwa na Mzee Karume na nyuma Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Benki Kuu imeiondoa mwaka 2025, lakini angalau jengo la chuo liliwahi kuonekana linafaa kutiwa kwenye noti. Hili lenu litatiwa wapi? Kwenye risiti?

Maombi mengine ni madogo, sitakuchosheni. Bomba la chooni litoe maji. Lifti ifanye kazi, na mpaka hapo itakapofanya, kikao chenu kihamie ghorofa ya tatu na darasa la mwanafunzi wa kiti cha magurudumu lishuke chini. Wenzake wamechoka kumbeba, naye amechoka zaidi kubebwa. Ile miti ya kwenye bango ipandwe, au tuonyeshwe inakouzwa. Yule mbwa aondolewe. Neno "kisasa" lisitumike tena kwenye hotuba bila kibali cha maandishi.

Jiwe la msingi najua litawekwa Januari, kwenye shamrashamra za Mapinduzi, kama ada. Sina pingamizi. Naomba tu kwamba jengo likikamilika, mgeni rasmi akishakata utepe aingizwe ukumbini na kamati nzima, mlango ufungwe, umeme uzimwe, na hotuba isomwe yote, pamoja na salamu za wafadhili. Jenereta liwashwe, ili walisikie.

Nitashukuru nikipata jibu kabla ya kaskazi kuanza. Mkiona barua inachelewa, njooni wenyewe mnione kazini. Pandeni gari ya 116 ya Nungwi, semeni mnateremka njia panda ya Kendwa, kisha muulize fundi wa makuti. Gari hiyo AC haina. Lakini madirisha yake yote yanafunguka, na likikwama moja konda hulipiga ngumi.

Wenu mtiifu,
Fundi wa makuti, mzazi wa mwaka wa pili.

Nakala: Mlinzi wa getini, kwa taarifa na utekelezaji.