Kwaresima ya Kware

Katika jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Kware, Ongata Rongai, kila Kwaresima tunapigia kura fadhila. Vijikaratasi hukunjwa, hutikiswa ndani ya kofia ya mwenyekiti, kisha kila mtu huchomoa chake na kuishi nacho hadi Pasaka. Jirani yangu alichomoa ukarimu; tangu siku hiyo nikibisha kwake husikia sukari ikifichwa. Mimi nilichomoa upole. Jumuiya nzima ilicheka, mke wangu akiongoza.

Katekista alinishauri nianzie kwenye sauti. Mithali sura ya 15 inaanza kwa kusifu jibu la upole, akaniambia. Ni kweli, ila aliyeandika Mithali hakuwahi kupanda nganya ya Rongai. Magari haya yanajulikana Kenya nzima kwa michoro, taa za rangi rangi na muziki unaotikisa meno. Nilikuwa kiti cha nyuma, naona steji inakaribia, nikasema kwa adabu, "Ndugu, naomba kushuka." Spika ikanijibu. Nikarudia kwa upole ule ule. Mama aliyeketi kando yangu na kuku kikapuni alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa, akagonga bati kwa ufunguo na kupaza sauti: "Shukisha!" Kuku alishtuka, dereva akashtuka. "Si mzee angesema!" makanga akalalamika. Kware ilikuwa nyuma yetu, Kiserian ikitukaribisha.

Lakini makanga huyo huyo nilimwona akimteremsha ajuza mmoja hapo. Kamshika kiwiko kwa mkono mmoja, gunia lake la viazi kalibeba kwa mkono wa pili, huku anamfokea dereva, "Wee, ngoja! Shosho hajakanyaga chini!" Kisha kwa bibi, kwa kelele zile zile, "Polepole shosho, gari haiendi popote!" Juma hilo sikuona jambo la upole kulishinda, na lilisikika ng'ambo ya Barabara ya Magadi. Katekista wetu ni mtu mwema, ila kuhusu sauti sina hakika naye tena.

Hata watakatifu wa upole hawakuwa maji ya mtungini. Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva aliyefariki mwaka 1622, alikuwa na damu ya moto na alishindana nayo kwa miaka mingi. Don Bosco, aliyeanzisha Wasalesiani mwaka 1859 na kuwapa jina la Fransisko huyo, alisimulia ndoto aliyoota akiwa na umri wa miaka tisa hivi: watoto wanatukana, yeye anawarukia kwa ngumi, kisha anaambiwa kwamba atawapata kwa upole. Naona upole ni breki, na breki hufungwa kwenye gari lenye injini. Mtu asiyekasirika kamwe hana cha kuzuia, mwacheni apumzike.

Aliyenifariji zaidi ni Musa. Hesabu sura ya 12 inamtaja kuwa mpole kuliko watu wote duniani. Fika sura ya 20 umkute anawakaripia watu na kuupiga mwamba kwa fimbo mara mbili, jambo lililomnyima Kanaani. Ugomvi ulikuwa wa nini? Maji! Mkazi wa Kware akisoma hapo hahitaji mhubiri. Mtaa wetu umepewa jina kutokana na machimbo ya mawe, "quarry" kwa Kiingereza, kwa hiyo mwamba tunao. Maji ndiyo tunayanunua kwa mtungi wa lita 20, yakija kwa mkokoteni wa punda, na punda akigoma katikati ya njia kila mtu hupimwa fadhila aliyochomoa.

Muuzaji wangu aliahidi mitungi kumi asubuhi. Alifika jioni na minane, miwili inavuja, bei imepanda. Nguo zilikuwa zimelala kwenye karai na povu lake tangu alfajiri, na mke wangu alikuwa amesimama mlangoni anasubiri kuona Kwaresima yangu ikiisha. Nikavuta pumzi. Nikasema kwa sauti ya chini kabisa, "Kijana wangu, pole na kazi. Hii bei mpya tuliipatana lini?"

Alirudi nyuma hatua mbili.

"Mzee, tafadhali usiongee hivyo," akasema. "Nipigie tu kelele kama kawaida, nitakupunguzia."

Punda alikuwa ameshageuza mkokoteni.