Kulia Dakika 36, Kushoto Dakika 36

Mama mhasibu alivaa miwani, akaishika ankara yangu kwa mikono miwili, akaanza kuisoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma wasifu wa marehemu. Kikaoni alikuwepo meneja masoko, wasaidizi wake, na mhudumu aliyekuja kuacha chai akaona heri abaki.

"Nukta sita ya saa. Kusogeza nembo kulia." Akatua. Akanitazama kwa juu ya miwani, akarudi kwenye karatasi. "Nukta sita ya saa. Kurudisha nembo kushoto."

Kuna mtu alikohoa, na hakikuwa kikohozi.

"Mdogo wangu," akasema, kwa ule upole unaouma kuliko ukali, "mwanzo nembo ilikuwa wapi?"

"Kushoto, mama."

"Na sasa iko wapi?"

"Kushoto."

"Haya. Saa nzima na dakika kumi na mbili tunalipia nini?"

Meneja masoko ndiye aliyenipigia simu usiku akitaka nembo ihamie kulia ili ukurasa "upumue". Ndiye pia aliyepiga tena kusema bosi kakataa, irudi ilikotoka. Wakati huo alikuwa anaigeuzageuza sambusa yake akitafuta pa kuanzia kuila.

Ningeweza kueleza. Kulia, nembo inagongana na namba ya ukurasa. Ukiihamisha namba, jedwali linasukumwa. Jedwali likisukumwa, picha ya mwenyekiti wa bodi inakatwa kidevu, na mwenyekiti wa bodi hakatwi kidevu. Kurudi nako ni safari ileile, kidevu kwa kidevu. Lakini chumba kizima kilishacheka, na utaalamu ukielezwa baada ya kicheko hugeuka utetezi. Mhasibu akachora mstari kwa kalamu nyekundu.

Tena mchanganuo ule waliutaka wenyewe. Ankara ya kwanza niliandika mstari mmoja tu, "Usanifu wa ripoti ya mwaka", na jumla chini. Ikarudishwa: fafanua.

Na mimi kufafanua nakupenda, nisifiche. Programu yangu ya kuhesabu muda ina kitufe kimoja: ukianza kazi unabonyeza, ukiacha unabonyeza. Kila kipande cha kazi kinaandikwa kwa jina lake, kinazidishwa kwa bei ya saa, na mwisho wa mwezi ankara inajitengeneza yenyewe. Saa moja imegawanywa mafungu kumi ya dakika sita, ndiyo maana dakika 36 zinaitwa nukta sita. Mtindo huu wa kuandika muda wa kazi kwa kawaida huhusishwa na Reginald Heber Smith, wakili wa Boston, Marekani, aliyekabidhiwa mwaka 1914 ofisi ya msaada wa kisheria akataka kujua kila kesi inakula muda kiasi gani. Yaani wateja wake walikuwa maskini wasioweza kumlipa wakili. Baadaye akauhamishia kwenye kampuni ya mawakili wa kulipwa, na huko ukanenepa.

Utamu wenyewe uko kwenye kupandisha. Tuseme mteja amenipigia simu nne, kila moja dakika mbili. Ukijumlisha kwanza, ni dakika nane. Ukipandisha hadi fungu zima la dakika sita, unatoza kumi na mbili. Ukiipandisha kila simu peke yake, unatoza ishirini na nne. Ukipandisha kila simu hadi robo saa, kama wafanyavyo wengine bila kupepesa macho, dakika nane zinakuwa saa nzima. Simu ni zilezile, mazungumzo ni yaleyale ya "umeiona ile picha niliyokutumia?" Nimewahi kukaa nikichezea mipangilio hiyo hadi chai ikapoa, kisha nikarudi kwenye njia ya kwanza, ya jumla, kwa kuwa namwogopa Mungu na mama mhasibu.

Kisha kuna bajeti ya mradi. Tulikubaliana saa 40 kwa shilingi 50,000, jumla milioni 2. Programu huchora utepe wa kijani unaojaa kadiri unavyofanya kazi. Ukifika asilimia 80, yaani saa 32, unageuka wa njano. Ukipita 40 unakuwa mwekundu, na kuanzia hapo unahesabiwa kila dakika ila hulipwi hata moja. Mimi niliishia saa 47. Saa saba nilizila mwenyewe, kimya, kwa adabu.

Hesabu ya shule ya msingi, basi: 47 ukitoa nembo iliyokwenda na kurudi, yaani 1.2, zinabaki 45.8. Bado zimepita 40. Bado ni milioni 2. Nikamwonyesha mama mhasibu kwenye kikokotoo cha simu. Akakitazama kwa heshima, akasema, "Nimekuelewa, mwanangu," kisha akaitoa 1.2 kwenye zile 40. Shilingi 1,940,000. Saa nilizotoa bure hazikuguswa na mtu. Kalamu ilitua kwenye zinazolipwa.

Hapo nikakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, shilingi 97,000, ambayo ni sheria na sina ugomvi nayo. Ninachogombea ni cheti cha kuthibitisha makato, ambacho "yule wa kodi" hajasaini kwa kuwa yuko safarini, na akirudi mfumo unasumbua. Wakataka pia risiti ya mashine ya EFD kabla hawajaandaa malipo. Nikaitoa: mashineni nimeshauza, benki sijapokea senti.

Na zile siku 30 za kulipa? Hazihesabiwi tangu kazi ilipokwisha, wala tangu ankara ilipofika mapokezi, ila tangu ilipogongwa muhuri, na muhuri unakaa kwenye droo ya mtu aliye likizo. Hili halinichekeshi. Kuna vijana wanaosanifu, wanaotafsiri, wanaopiga picha, ambao kodi ya nyumba yao imekaa kwenye droo hiyo. Ofisi inayokagua dakika zangu sita haina kitufe hata kimoja cha kuhesabu miezi yake. Nimefungua mradi mpya kwenye programu, unaitwa "Kudai". Bei ya saa: sifuri. Utepe wake hauna rangi, maana hauna bajeti ya kupita.

Mteja mwingine aliona 03:00 kwenye mchanganuo akaapa kwamba saa tatu hiyo ya asubuhi nilikuwa naye foleni ya benki, hivyo mimi mwongo. Programu ilimaanisha saa tisa usiku.

Wakili niliyempigia kuuliza kama ninaweza kudai malipo yaliyochelewa alinijibu kwa dakika mbili, akaniletea ankara ya dakika sita.

Juzi kanipigia mteja mpya, mtu wa vifaa vya ujenzi, anataka katalogi.

"Unatoza kwa saa au kwa kazi?"

"Kwa kazi, kaka," nikasema haraka.

"Safi sana, hayo ya saa yananichosha. Sasa niambie, itachukua saa ngapi?"