Hotuba ya Profesa wa Masafa ya Angani, Chini ya Mgunga wa Kulamawe

Wazee wangu, mama zangu, vijana wa bodaboda, na wewe mchunga ngamia uliyenipa kisogo: tulieni. Aliyesimama mbele yenu ni Profesa wa Masafa ya Angani, cheo nilichojitunuku baada ya kukosekana mtu wa kiwango cha kunitunuku. Ndege sijapanda. Daktari wa mifugo naye hajawahi kuwa ng'ombe, na mnamwita.

Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,800. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuzimaliza bila kutua njiani: saa 15 kwenda, 14 kurudi. Nimewapigia hesabu ya kwetu. Ngamia wa kilomita 40 kwa siku atafika siku ya 295, kwa sharti moja dogo: ajue kuogelea.

Sasa elimu nzito. Ndege ikiondoka Nairobi saa tano usiku, majira ya joto ya kule, inatua New York saa moja asubuhi. Hesabuni kwa vidole: saa nane! Na abiria ameketi saa 15, miguu imevimba. Saa saba ziko wapi? Nyinyi mnajua kinachotoweka usiku hakikupotea, kimeswagwa. Saa zetu zimeibwa zikavushwa bahari! Na ushahidi ninao: ukirudi unaketi saa 14, lakini saa ya ukutani inahesabu 21. Wamezirejesha, tena kimyakimya, bila kamati ya amani wala faini ya hata mbuzi mmoja.

Dawa ni hii. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na hapa kwetu, jirani na ikweta, inakwenda karibu kilomita 1,670 kwa saa. Ndege inajikokota na 900. Ya nini kuchoma mafuta? Ipae wima, itulie juu, ingoje New York ije chini yake. Saa saba na ushee, kazi imekwisha!

Ndiyo, mama? Mwewe anayeelea juu ya bucha tangu asubuhi, mbona hajaachwa hadi Nanyuki? Swali zuri, ila limekuja wakati mbaya. Na wewe kijana wa sekondari, unanong'ona nini? Hewa inazunguka pamoja na dunia? Upepo mkali wa juu, unaovuma kutoka magharibi, ndio unaoisukuma ndege ikirudi ikaokoa saa nzima? Kaa chini. Vitabu vinaharibu watoto.

Mzee anauliza kwa nini asipandie Isiolo, ambako tuna uwanja wa kimataifa uliofunguliwa 2017. Mzee wangu, ukimataifa upo kwenye kibao. Njia ya kurukia ni kilomita 1.4, na Boeing 787 iliyoshiba mafuta ya saa 15 haiinuki hapo, kama ngamia aliyetoka kisimani asivyokimbia. Itakubidi Nairobi: kwa ndege kilomita 200 tu kutoka Isiolo, kwa barabara utaongeza kama themanini na mifupa yako itazijua zote.

Na kabla ya hapo ufike Isiolo. Sura hiyo bado naifanyia utafiti. Ni siku ya pili leo niko kando ya barabara hii nikingoja lori. Hilo vumbi kule ni gari au ni mbuzi?