Barua ya Wazi kwa Waandishi wa Majibu ya Serikali

Kwa Waheshimiwa Waandishi wa Majibu,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Mimi mkazi wa Makambako, mlipa kodi na msikilizaji wa kudumu wa kipindi cha maswali bungeni, nawaandikia ninyi na siwaandikii mawaziri wenu, kwa kuwa insafu yanitaka nimshukuru mpishi kabla ya mpakuzi. Spika huita namba ya swali, mbunge husimama akauliza, waziri, na aghalabu naibu wake, husimama akasoma. Lakini ile lugha laini isiyo na mahali pa kushika, ambayo huandaliwa katika ofisi za wizara na kufika ukumbini ndani ya jalada, ni kazi ya mikono yenu, na sijapata kusikia mtu akiisifu. Nimeona ni dhuluma kwamba fani kubwa kama hii ikose mhakiki.

Katiba yetu, katika ibara ya 63, imelipa Bunge madaraka ya kumwuliza waziri yeyote swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara hiyo yataja swali. Juu ya sura ya jibu imenyamaza, na ndani ya kimya hicho ninyi mmejenga kasri.

Tangu uchaguzi wa mwaka 2015 Makambako imekuwa na jimbo lake, na kwa miaka 10 kiti chake kilikaliwa na Mheshimiwa Deo Sanga, ambaye wenyeji tumemzoea kwa jina la Jah People, mtu asiyeona haya kusimama. Njombe Mjini wana mbunge wao, Lupembe wana wao, na wapo akina mama wa viti maalumu. Hebu tufikiri kwamba mmoja wa waheshimiwa wa mkoa wetu huu wa Njombe anasimama leo akauliza habari za gereza, na swali hilo likaenda Mambo ya Ndani. Kesho akauliza habari za madarasa, likaenda Elimu, ambao kwa adabu watamwelekeza TAMISEMI. Keshokutwa akauliza habari za zahanati, likaenda Afya, ambao kwa adabu ile ile watamwelekeza TAMISEMI. Yatarudi majibu matatu, nami nitawaandikia sasa hivi yote matatu bila kuondoka kitini. Mheshimiwa Mbunge atapongezwa kwa namna anavyowafuatilia wananchi wake. Serikali itasema inatambua changamoto hiyo. Kiasi fulani cha shilingi kitatajwa, kilichopelekwa mahali pengine katika mwaka wa fedha uliopita. Kisha kazi itasemwa kuwa itaendelea kufanyika kwa awamu, kadri fedha zitakavyopatikana. Akizidi kung'ang'ana kwa swali la nyongeza, naibu waziri atajitolea kufuatana naye baada ya Bunge kuahirishwa, wakaone wenyewe.

Nastaajabia hasa jinsi mlivyofaulu kuiondoa tarehe katika lugha ya Kiswahili bila kuacha kovu. Sisi wa Makambako tuliharibiwa mapema na reli. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa mwaka 1970 na mwaka 1975 reli ilikuwa imefika mwisho wake, ingawa kipande cha kutoka Mlimba kuja kwetu kilikuwa cha kutoboa milima na kuruka makorongo. Wazee walioyaona hayo wakapata dhana mbaya kwamba jambo la serikali laweza kuwa na siku ya kuanza na siku ya kwisha, na dhana hiyo wakaturithisha.

Tazameni basi mahali ambapo tarehe imesalia. Imesalia gerezani. Mtu wa Njombe akihukumiwa miaka 3 kwa wizi, hakimu hamwambii kwamba atafungwa kwa awamu kadri nafasi itakavyopatikana. Atatajiwa miaka, na karani ataiandika, na mfungwa ataihesabu. Tarehe 9 Desemba 2019, katika sherehe za Uhuru zilizofanyika Mwanza, Hayati Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533, nayo ikawa hesabu iliyonyooka hadi mtu wa mwisho. Mwaka uliotangulia alikuwa amewaagiza wakuu wa Magereza kwamba wafungwa walime na wajilishe wenyewe, na katika agizo hilo sikusikia upembuzi yakinifu ukitajwa.

Lakini ndani ya gereza hilo hilo mna msomaji wenu mwaminifu, naye ni mahabusu. Huyu hajahukumiwa. Kila baada ya wiki mbili hupelekwa mahakamani, akaambiwa kwamba upelelezi haujakamilika, akarudishwa. Sijui kama ninyi mliwafunza waendesha mashtaka au waendesha mashtaka waliwafunza ninyi, ila mtu aliyelala kwa zamu katika chumba kilichojaa kwa sababu ya jibu la namna hiyo hahitaji kuelezwa uzuri wa mtindo wenu. Mbunge akiuliza kwa nini mahabusu wamerundikana, naye hujibiwa kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Hivyo mwuliza swali na aliyeulizwa habari zake hupata faraja moja.

Sasa nije kwenye maboma, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo moyo wangu ulipo. Serikali ilipotangaza elimu bila ada kuanzia Januari 2016, watoto walikuja shuleni kwa wingi ambao kila mwenye akili alipaswa kuutazamia, na madarasa hayakuja nao. Kabla ya hapo, mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007, ule wa MMAM, ulikuwa umekwisha kuahidi zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata ndani ya miaka 10, katika nchi yenye vijiji zaidi ya 12,000. Wananchi wakaambiwa waanze kwa nguvu zao, wafikishe kuta kwenye lenta, na Serikali itaezeka. Wakafyatua matofali, wakayachoma, wakachangishana saruji, wanawake wakasomba maji na mchanga, kuta zikasimama. Basi zimesimama. Mvua za huku huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na Juni hushuka baridi inayounguza mashamba ya viazi. Kuta zisizo na paa hazikuandikiwa kusubiri awamu, nazo humomonyoka bila kuomba idhini.

Na hili ndilo ambalo mgeni hawezi kulisadiki: mkoa huu ni ghala la mbao. Misindano na mikaratusi imejaa milimani, misumeno haina usiku wala mchana, na malori yaliyosheheni mbao hukatiza Makambako kuingia barabara kuu yakaenda kuezeka Dar es Salaam na Dodoma. Huenda hata dari mnalokaa chini yake mkiandika kwamba fedha za kuezeka hazijapatikana lilitoka kwetu. Malori hayo hupita mbele ya boma la zahanati ambalo ndani yake miche ya mparachichi imejiotea yenyewe. Nami sikitaji kijiji, kwa kuwa wasomaji wa vijiji vingine wataona nimewapendelea wenzao.

Wapo waliodhani kwamba ukaribu na kiti utaharakisha bati. Kuanzia Novemba 2010 hadi 2015 Spika wa Bunge alikuwa Mama Anne Makinda, mbunge wa Njombe Kusini na mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho, hata kila swali la nchi hii likawa linaanza kwa kumwita binti wa Njombe. Nisiufiche ukweli: mwaka 2012 tulipata mkoa wetu, tukaachana na Iringa kwa wema. Bati ni jambo jingine. Spika anaweza kuamuru swali lijibiwe. Kuamuru jibu liwe na siku ndani yake, hilo halijaonekana.

Siha nayo ina kalenda yake. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 uliikuta Njombe ikiongoza nchi kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI, asilimia 12.7 ya watu wazima, ilhali nchi nzima ni 4.4. Maelfu ya jirani zangu wana kadi ya kliniki, na juu ya kadi hiyo imeandikwa tarehe ya kurudi kuchukua dawa, nao wakiikosa tarehe husemwa vikali, na ni haki wasemwe. Mjamzito vivyo hivyo hupewa siku ya makisio. Hakuna mkunga aliyepata kumwambia mtoto atoke kwa awamu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kwa kuwa fani hii imeifaa Serikali, nasi raia turuhusiwe kuitumia. Afisa wa mapato ajapo dukani, nimpongeze kwa ufuatiliaji wake, nimwambie kwamba natambua umuhimu wa kodi, nimtajie kiasi nilichomlipa mwenye nyumba mwaka jana, kisha nimhakikishie kwamba nitalipa kadri fedha zitakavyopatikana, nami niko tayari kufuatana naye tukaone rafu zilivyo tupu. Kama sheria inakataza raia kujibu hivyo, nifahamisheni kifungu.

Na ili msiseme nimeandika maneno matupu, natanguliza swali langu kwa kaida ya Bunge, lenye sehemu (a) na (b):

(a) Je, ni tarehe ngapi maboma ya madarasa na zahanati yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi katika Mkoa wa Njombe yatakamilika kuezekwa?

(b) Kama tarehe hiyo haijulikani, je, Serikali haioni umuhimu wa kutoa waraka kwa mvua, mitihani ya darasa la saba na mimba zote za mkoa huu, kwamba nazo zisubiri mwaka ujao wa fedha?

Ninayo maswali mawili madogo ya nyongeza, lakini nayahifadhi hadi jibu la msingi litakapopatikana.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Makambako