Paul Phoenix Alishinda, na Mashahidi Ninao

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tuna kanuni moja isiyohitaji mwanasheria: stelingi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, afungiwe kwenye jengo linaloungua, mwisho wa picha lazima aibuke, shati limechanika kidogo, amalize kazi. Ndiyo maana watunga gemu wananipandisha presha. Kwao stelingi anakufa, anafufuka, anapotea bila taarifa na, baya kuliko yote, anashinda halafu anakuja kuambiwa hakushinda.

Nianze na kesi yangu. Gemu ya mapigano ya Tekken 3 ilitoka Japani mwaka 1997, ikaingia kwenye PlayStation mwaka uliofuata, na kwenye mabanda yetu ikaendelea kutamba miaka mingi baada ya dunia kuhamia kwingine. Mtu wangu alikuwa Paul Phoenix, yule Mmarekani wa nywele zilizosimama wima. Ngumi yake moja ukiipatia inakula damu mpaka aliyeshika padi ya pili anageuka kukutazama usoni. Sheria ya banda ilikuwa anayepigwa anapisha, anayeshinda anakaa. Mimi nilikaa. Nikafika hadi kwa Ogre, lile dude la kale linalowinda wapiganaji hodari. Nikalipiga. Likageuka, likaota mabawa, nikalipiga tena. Mashahidi wapo, wengine leo ni wazee wa kanisa.

Sasa sikiliza historia rasmi. Eti Paul alimpiga Ogre kweli, lakini yule wa awali tu. Akadhani mashindano yameisha, akaondoka zake. Huku nyuma Ogre akageuka, na aliyemmaliza ni Jin Kazama. Yaani mtu wangu anaandikwa kama yule bwana aliyetoka ukumbini shughuli ikiendelea, akaenda kutangaza mtaani kwamba yeye ndiye bingwa. Nani kaandika maneno haya? Nilikuwepo! Ningeondokaje wakati mwenye banda alikuwa ananidai?

Ukilalamika, wajuzi wanakuambia kila mpiganaji ana mwisho wake, ila unaohesabika ni mmoja. Iliyobaki ni mambo ya "ingekuwaje". Ukichunguza, utakuta shina la yote ni pesa. Kila mpiganaji akiwa na mwisho wake, unarudia kucheza uone wa huyu, unarudia tena uone wa yule. Biashara safi. Kasheshe inakuja wanapotaka kutoa toleo jipya, maana hadithi haiwezi kuendelea kutoka njia zote hizo kwa mpigo. Basi wanakaa kikao, wanamteua mshindi, na sisi wengine tunageuzwa mechi za kirafiki: jasho lile lile, pointi hakuna.

Na uangalie wanaoteuliwa. Mashindano ya kwanza anachukua Kazuya Mishima. Ya pili anachukua baba yake, Heihachi. Ya tatu shujaa ni Jin, mtoto wa Kazuya, mjukuu wa Heihachi. Wapiganaji wanatoka pande zote za dunia, hata dubu yumo, lakini kombe halitoki sebuleni. Waandaaji nao ni kampuni ya familia hiyo hiyo. Kwa mwendo huo Paul angeshinda wapi?

Wenye ukoo wao hata kufa hawafi vizuri. Kazuya alitupwa na baba yake kwenye volkeno. Akafufuliwa na kampuni nyingine, karudi. Heihachi naye kwenye Tekken 7 akauawa na mwanawe, akatupwa kwenye uji wa moto. Tukasema haya, mzee kapumzika. Mwaka 2024 huyo kwenye Tekken 8, kifua wazi. Lakini Jun, mama yake Jin, mwanamke mpole aliyejitenga akalea mtoto wake kisiwani Yakushima, Ogre alipomvamia akapotea. Hakuna maiti, hakuna tanga. Ulipomwona, ilikuwa kwenye yale matoleo ya pembeni wanayosema wenyewe hayamo kwenye historia. Tangu 1997 mpaka 2024 mama wa watu hakujulikana alipo, na ukoo mzima hakuna aliyetoa hata tangazo la redio.

Nilidhani ni tatizo la Tekken peke yake mpaka nilipomfahamu Link, yule kijana wa kofia ya kijani kwenye The Legend of Zelda. Huyu kesi yake ni nzito kuliko yangu. Katika Ocarina of Time, gemu ya mwaka 1998, anamshinda adui yake Ganon, kisha binti mfalme Zelda anamrudisha utotoni, kabla ya vita. Hapo historia inapasuka. Upande aliouacha wanamkumbuka shujaa wao lakini hayupo, na balaa lilipozuka tena nchi ikagharikishwa. Upande aliorudi yupo mzima, lakini nani ajue alichofanya, na hakijatokea? Wanaomkumbuka hawanaye, walio naye hawamkumbuki. Mwisho tunamwona akitokomea msituni juu ya farasi. Ilibidi tusubiri kitabu rasmi, Hyrule Historia cha mwaka 2011, kutuambia kwamba yule mzimu wa mifupa anayefundisha upanga katika Twilight Princess ndiye yeye, kafa na kinyongo kwa kutotambuliwa kuwa shujaa.

Kitabu hicho hicho kinataja upande wa tatu, ule ambao Link alipigwa. Kushindwa kwake kumepewa tawi zima la historia, na gemu ya kwanza kabisa ya mwaka 1986 inaning'inia humo. Ndugu msomaji, pima haki hapo. Mimi nikishinda, nafutwa. Link akipigwa, anaandikiwa karne nzima.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote siku aliyonionyesha Tekken 8. Nikamwomba anichagulie Jun, nimwone mama wa watu baada ya miaka 27. Akamchagua. Jun akatokea, nguo nyeupe, uso hauna hata kunyanzi. Ndiyo kwanza anafungua mdomo, kijana kabonyeza kitufe, mama akakatika, pambano likaanza.

"We! Alikuwa anasema nini?"

"Sijui, Anko. Hizo huwa tunarusha."

Wanarusha! Kumbe kile kikao kinachoteua washindi na kufuta wengine kinawaandikia watu wasiosikiliza. Basi na mimi nafungua historia yangu, na ndani yake Paul Phoenix ni bingwa wa dunia, hakutoka ukumbini hata kujisaidia. Kila mtu na aandikiwe ushindi alioutolea jasho. Isipokuwa waliokuwa wakimchukua Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kuzungusha miguu, wakabonyeza vitufe vyote kwa pamoja huku wanatazama pembeni. Hao, hata ile njia ya "ingekuwaje" wasipewe.