Makofi Kapewa Panya

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu alimcheka paka mbele yangu, nikachukua rimoti nikazima televisheni. Mama Neema akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Baba Neema, sasa unagombana na katuni?"

Sikugombana na katuni, niligombea haki. Mtoto alikuwa amesema, "Babu, huyu paka mjinga," na mimi nina miaka 22 ya kupiga kinanda katika kwaya ya kigango chetu. Siwezi kunyamaza mpiga kinanda mwenzangu akitukanwa sebuleni kwangu, kwenye umeme ninaolipia mimi.

Katuni yenyewe ni The Cat Concerto, ya paka Tom na panya Jerry, ya mwaka 1947. Haifiki dakika nane, na hakuna anayesema neno. Tom anaingia jukwaani kavaa koti jeusi la mikia miwili, anakaa kwenye piano, anaanza kupiga Rhapsodia ya Kihangari namba 2 ya Franz Liszt. Liszt aliutunga muziki huo mwaka 1847, nadhani akiwa na kisasi na vidole vya watu. Sasa ndani ya piano, juu ya vile vinyundo vinavyogonga nyuzi, panya kajilalia. Vinyundo vinamrusha, usingizi unakatika, na kuanzia hapo dunia nzima inamwonea huruma yeye.

Naomba niulize. Nani alimtuma akalale kwenye piano? Ukumbi mzima huo, pazia lipo, chini ya jukwaa kupo, yeye kachagua mahali pa kazi ya mtu. Ni kama yule mpangaji asiyelipa kodi halafu wa kwanza kulalamika kwamba mwenye nyumba anafunga mlango kwa kishindo.

Watu wanasema Tom ana maringo, kanuna, kainua pua na macho kayafumba nusu. Jamani, mtu anapiga Liszt! Ulitaka acheke? Mimi nanuna kwa wimbo wa matoleo wenye beti nne na kiitikio, na nota nimeandikiwa kubwa kwa kalamu ya wino.

Halafu tazameni vidole. Siku moja, watu wa nyumbani walipotoka, niliweka kinanda changu mbele ya televisheni nikawa nasimamisha picha na kufuatisha. Vidole vya Tom, karibu kila mahali, vinatua pale pale panapotakiwa. Waongozaji William Hanna na Joseph Barbera na wachoraji wao wangeweza kumchora akipapasapapasa tu, nani angejua? Hii ilichorwa kwa mkono, picha moja moja, na bado wakajali kidole kipi kiende wapi. Kuna filamu za watu wazima, zenye waigizaji wa mshahara mnono, mtu anapiga piano unamwona kabisa anakanda unga wa chapati.

Na anayapiga hayo katika mazingira gani? Panya anamfungia mfuniko kwenye vidole, Tom anaendelea. Panya anakuja na mkasi kuvizia kidole kimoja, kidole kinaruka kinarudi, wimbo haukatiki. Panya anaweka mtego wa panya katikati ya vitufe (panya, mwenye mtego wa panya, hebu fikirieni) na safari hii kidole kinanasa kweli. Tom anapanda juu ya piano kumfukuza, na huku nyuma miguu yake imebaki inapiga. Miguu! Anamkamata, anamshindilia chini ya makalio yake kwenye kiti. Panya anazungusha kile chuma cha kupandishia kiti, Tom anapanda hewani, anashuka kwa kishindo, anapanda tena, na mikono bado iko kazini. Mjukuu wangu hapo ndipo anapocheka mpaka anaanguka kwenye kochi. Mimi hapo ndipo ninaposikia kitu kikinikaba kooni, kwa sababu mimi hayo yamenikuta.

Ilikuwa Misa ya Pasaka. Kanisa limejaa hadi nje kwenye maturubai. Tuko katikati ya wimbo wa Mtakatifu, sauti nne zimekaa, besi hawajapotea, jambo ambalo kwetu peke yake lingetosha kupelekewa taarifa askofu. Mtoto wa miaka miwili hivi akamponyoka mama yake kule sauti ya kwanza, akaja tatetate mpaka kwenye kinanda, akaninyooshea tabasamu la meno manne, akabonyeza kitufe cha midundo. Wenye vinanda hivi mnavijua, vinakuja na midundo mingi imeshatiwa humo kiwandani, wala hukuiomba. Mtoto akaangukia rumba.

Sikuacha kupiga. Mkono wa kulia ukashika wimbo, wa kushoto ukashika besi, kiwiko nikakituma kikatafute kitufe cha kuzima. Kiwiko kikapata cha sauti, kikaongeza. Mtakatifu ukaenda mistari miwili mizima kwa rumba, na kule kwenye maturubai, wasiojua kinachoendelea, wakaanza kupiga makofi na vigelegele.

Baada ya Misa mtoto alibebwa juu juu. "Kipaji hicho!" Mtu akamnunulia soda. Mimi alinifuata mwalimu wa kwaya, kijana niliyemfundisha nota mwenyewe, akaniwekea mkono begani kwa upole ule wa kuudhi. "Mzee," akasema, "leo ulituyumbisha kidogo."

Kwa hiyo mnisamehe nikiangalia mwisho wa ile katuni kwa machozi. Tom, kwa hasira, amemtupa panya kwenye vinyundo na kumpigapiga humo kama anatwanga kisamvu. Panya anatoka kavimba, anang'oa vinyundo viwili na kuanza kuzigonga nyuzi mwenyewe. Wimbo unafika mwisho, Tom anadhani yamekwisha, panya anaanzisha mwisho mwingine. Halafu mwingine. Tom anadondoka, koti limechakaa, hajiwezi. Ukumbi unalipuka kwa makofi. Tom anajivuta ainuke kushukuru, na mwanga wa jukwaani unamhama taratibu, unakwenda kumtulia panya, ambaye hatujui saa ngapi alishapata koti la mikia la saizi yake. Anainama anashukuru.

Kuna waliogombania hata wazo lenyewe. Mwaka 1946 kampuni ya Warner ilikuwa imetoa Rhapsody Rabbit, sungura wao Bugs Bunny kwenye piano, muziki ule ule wa Liszt, na panya ndani. Pande mbili zikanyoosheana vidole vya wizi. Hayo ni yao, wamalizane. Linaloniuma mimi ni la Oscar. The Cat Concerto ilishinda, moja kati ya Oscar saba walizopata Tom na Jerry. Aliyekuwa anapanda kuchukua ile sanamu ni Fred Quimby, mtayarishaji, bosi wa idara ya katuni pale MGM, kampuni iliyomtoa Tom. Hanna na Barbera, waliobuni paka, panya na vituko vyote, hawakuitwa jukwaani. Saba zote!

Nilimweleza mjukuu wangu haya yote, kwa utulivu, kuanzia Liszt hadi Quimby. Akasikiliza. Ni mtoto mwenye adabu, kamtoa bibi yake.

"Lakini Babu," akasema, "si panya ndiye aliyemalizia wimbo?"

Nikawasha televisheni nimwonyeshe kwamba si kweli. Ni kweli. Kamalizia panya, na kaupiga vizuri, sikuona nota aliyoikosa. Mama Neema alicheka huko jikoni mpaka wali ukashika moto, na hilo nalo likahesabiwa kosa langu.

Basi wasomaji, sina mengi. Jumapili mkija Misa ya pili, wimbo ukiwakolea na mikono ikawawasha kupiga makofi, mpiga kinanda ni mimi. Nakaa kushoto, nyuma ya nguzo.